Kuku Walale Kwenye Fito, Watage Kwenye Kiota

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza kufuga ni yale yale. Mbona kuku wangu wanalala juu ya mwarobaini na banda nimewajengea? Mbona wanataga jikoni, uvunguni, mpaka kwa jirani? Mbona wengine wamegeuza kiota kitanda, kila yai linatoka limepakwa kinyesi? Nimejibu kwa simu, nimejibu nikiwa nimesimama sokoni na tenga mkononi, na sasa nayaandika yote hapa.

Mimi nafuga nyuma ya nyumba, hapa Dodoma upande wa Nzuguni: kuku wa kienyeji na chotara wachache. Vipimo vyote hapa ni vya mtu mwenye kuku 10 hadi 20. Mwenye mradi wa kuku 500 ana mambo yake mengine.

Kabla hujagusa nyundo, shika hili: kuku akitaka kulala hutafuta pa juu kabisa anapoweza kufika, na akitaka kutaga hutafuta kona ya giza iliyotulia. Hana ukaidi wowote. Akilala mtini ni kwa sababu mti uko juu kuliko chochote ulichomwekea bandani. Akitaga uvunguni ni kwa sababu uvungu wako una giza zuri kuliko kiota chako. Mengine yaliyobaki ni useremala.

Andaa vitu hivi kwanza

- Miti iliyonyooka yenye unene wa sentimita 4 hadi 5 (mirunda myembamba inafaa), pamoja na mbao za kuishikilia.
- Ndoo za plastiki za lita 20 zilizopasuka mdomo, au vipande vya mbao vya kutengeneza masanduku.
- Makopo manne matupu na oili chafu kidogo kutoka kwa fundi gari.
- Matandiko: maranda ya seremala, maganda ya karanga, nyasi kavu, au pumba za mpunga kama una mtu wa kukuletea kutoka Bahi.
- Gunia kuukuu, majivu na majani ya mwarobaini yaliyokauka.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Mayai bandia mawili matatu. Jiwe laini la mviringo lenye ukubwa wa yai linafanya kazi hiyo vizuri.

Hatua ya 1: Kagua banda kabla hujawalaumu kuku

Ingia bandani saa sita mchana, ukae humo dakika kumi. Kama wewe unatoka umelowa jasho, usishangae kuku wakichagua mti. Mabanda mengi ya mjini hapa yameezekwa bati moja lililoinama, na kuku wanalala kichwa kikikaribia kuligusa. Mwezi wa 10 na wa 11, kabla mvua hazijaanza, bati hilo linakaa na joto mpaka usiku. Acha angalau sentimita 60 kati ya ufito wa juu na bati, na juu ya bati weka nyasi au mabua ya mtama.

Upepo nao. Kiangazi upepo wetu mwingi unatoka mashariki na kusini-mashariki, na unakuja na vumbi lake. Ukuta wa upande huo uwe mzima mpaka juu. Upande wa pili ndio uweke wavu ili hewa ipite. Mwezi wa 6 hadi wa 8 usiku una baridi ya kweli, na kuku aliyelala usawa wa tundu linalopitisha upepo ataanza mafua. Tundu la hewa liwe juu ya vichwa vyao wanapokuwa wamelala, lisiwe usawa wa vifua.

Wavu uwe wa matundu madogo. Ule wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke, lakini kicheche na nyoka wanapita kama wamefunguliwa mlango.

Hatua ya 2: Weka fito

Kila kuku mpe sentimita 20 hadi 25 za ufito. Kuku 15 wanahitaji karibu mita 4, yaani fito mbili za mita 2.

Urefu kutoka chini: kuku wa kienyeji mwepesi, sentimita 70 hadi 90. Chotara wazito kama Kuroiler na Sasso, usizidishe 45. Mzito akiruka kutoka juu kila asubuhi na kutua kwenye sakafu ngumu anaumia unyayo, kisha unapata jipu chini ya mguu ambalo kulitibu ni kazi. Ukiwachanganya wepesi na wazito, weka ufito wa chini kama ngazi.

Fito zote za kulalia ziwe usawa mmoja, zikiachana sentimita 35 hivi. Watu wengi hupanga kama ngazi ya kupandia dari kwa sababu inapendeza. Matokeo yake kila jioni ni vita ya kugombea ufito wa juu, na wanaoshindwa wanalala chini wakinyewa.

Menya magamba yote ya mti na uusugue mpaka uwe laini, kisha pembe kali uziviringe. Magamba na nyufa ndiyo nyumba ya papasi na utitiri. Usitumie bomba la chuma: linateleza, na usiku wa Julai ni la baridi kama barafu.

Usipigilie fito misumari. Chonga mbao mbili zenye mikato, fito zikae juu yake ili uweze kuzitoa na kuzisafisha. Miguu ya kichanja hicho kinachobeba fito isimamishe ndani ya yale makopo manne yenye oili chafu kidogo. Papasi anayetoka ukutani usiku kwenda kunyonya damu anaishia humo. Hakikisha pia kichanja hakigusi ukuta, la sivyo umempa papasi daraja.

Chini ya fito tandika majivu na maranda. Kuku hunya sana usiku, na kinyesi hicho chote kikidondoka sehemu moja ni mbolea ya bustani yako ya mchicha. Kikusanye mara mbili kwa wiki na ukiache kioze kwanza. Kikiwa kibichi kinaunguza mimea.

Hatua ya 3: Wahamishe kuku kutoka mtini

Usihangaike nao mchana. Kuku haoni vizuri gizani, na hapo ndipo ushindi wako ulipo. Subiri mpaka saa 2 usiku, panda na tochi, washushe mmoja mmoja kwa kuwashika mwili mzima. Usimvute mguu. Mpeleke bandani, mweke juu ya ufito kwa mkono wako na umshikilie mpaka vidole vyake viushike mti.

Kisha wafungie humo siku 7 hadi 10, maji na chakula wapate mle mle. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba siipendi kwa sababu inakata mguu, lakini maana yake naikubali: anayehamia lazima azuiwe mpaka azoee kwamba hapa ndipo kwake. Watu huwafungulia siku ya tatu kwa huruma, na siku ya nne kuku wamerudi mtini.

Siku ya kuwafungulia, fungua saa 10 jioni tu, watembee kidogo. Ikikaribia saa 12 mwaga pumba au mtama kidogo ndani ya banda huku ukitoa mlio ule ule kila siku. Mimi nagonga sufuria. Baada ya wiki mbili hutahitaji kuita. Jua letu linazama kati ya saa 12:30 hivi na saa 1 jioni kutegemea mwezi, na kuku huanza kuingia nusu saa kabla yake.

Kama kuna mmoja king'ang'anizi, punguza manyoya marefu ya bawa moja tu, yale kumi ya mwisho. Bawa moja, siyo yote mawili, kwa sababu lengo ni akose uwiano wa kuruka. Unyoya ambao shina lake bado ni la bluu au jeusi kwa damu usiukate.

Na hili ni faida ambayo watu hawaihesabu: kuku anayelala kwenye ufito unaweza kumchanja. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) ya I-2 ni tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Unapita usiku na tochi, unawachukua mmoja mmoja kama unachuma maembe. Waliolala mtini utawafukuza mtaa mzima, wanne watakuponyoka, na kideri kikija kinaanza na hao wanne.

Hatua ya 4: Tengeneza viota

Kiota kimoja kwa tetea (kuku jike wanaotaga) 4 au 5. Wenye tetea 15 weka vitatu au vinne. Utaona wote wanapanga foleni kwenye kimoja huku vingine viko vitupu, kama abiria wanaogombea daladala ya mwisho. Ni kawaida, waache.

Vipimo: upana sentimita 30, kina 30 hadi 35, urefu 35. Mbele weka ubao wa kuzuia wa sentimita 10 ili mayai na matandiko visidondoke. Ndoo ya lita 20 iliyolazwa na kuzibwa nusu ya chini ya mdomo inatosha kwa kuku wa kienyeji. Debe la bati sikushauri kwa joto la hapa.

Sasa mahali pa kukiweka, na hapa ndipo mimi mwenyewe niliharibu nilipoanza. Banda langu la kwanza nilipanga viota safu nzuri juu, karibu na dari, fito nikaziweka chini. Nilijiona fundi. Kuku wote wakahamia kulala viotani, na kila asubuhi nilikuwa naokota mayai yaliyofunikwa kinyesi. Kiota lazima kiwe chini kuliko ufito. Sentimita 30 hadi 50 kutoka sakafuni panatosha. Kisiwe chini ya fito moja kwa moja, kwa sababu unazojua.

Paa la kiota liiname sana, ili kuku akijaribu kulala juu yake ateleze. Mlangoni ning'iniza kipande cha gunia kilichopasuliwa katikati. Giza hilo ndilo linalomvuta tetea kuingia, na pia linafanya yai lisionekane na wadonoaji.

Ndani weka kwanza majivu kidogo na majani makavu ya mwarobaini, halafu matandiko unene wa kiganja. Vumbi la msumeno usilitumie. Linawapalia.

Hatua ya 5: Mfundishe tembe kabla hajataga yai la kwanza

Tembe, namaanisha kuku jike ambaye hajaanza kutaga, siyo nyumba ya udongo ya Wagogo, ana mazoea ya kurudi pale alipotagia mara ya kwanza. Kwa hiyo viota viwepo wiki tatu kabla. Wa kisasa wa mayai huanza akiwa na miezi minne na nusu mpaka mitano, wa kienyeji mara nyingi miezi sita hadi minane.

Dalili zake utaziona: kilemba kinakuwa chekundu, anachuchumaa ukimgusa mgongoni, anazunguka akilalamika na kuchungulia kila kona. Ukiziona hizo, weka yai bandia kiotani na ucheleweshe kuwafungulia. Wakae ndani mpaka saa 4 au saa 5 asubuhi, kwa sababu mayai mengi hutagwa kabla ya mchana. Fanya hivyo wiki mbili.

Anayeendelea kutagia nje, mfuate. Usimfukuze, jifanye unafagia. Atakupeleka mwenyewe nyuma ya kuni, kwenye tairi kuukuu, au kwenye ua wa jirani. Mayai utakayoyakuta huko yajaribu kwenye maji kabla ya kula: linaloelea litupe. Kisha ziba pale mahali kwa mawe au matawi ya miiba ya mgunga. Ukiondoa mayai bila kuziba, anahama tu kona, na utafutaji unaanza upya.

Kwa wanaouliza kila siku: hapana, jogoo hahitajiki ili kuku atage. Anahitajika ukitaka vifaranga.

Hatua ya 6: Okota mayai

Mara mbili kwa siku, saa 4 na saa 9. Mwezi wa 10 na wa 11 ongeza mara ya tatu, kwa sababu yai lililokaa kwenye joto linaanza kuharibika, na lile lililorutubishwa linaanza kukua nusu nusu kisha linakufa.

Acha yai bandia kiotani, mengine yote chukua. Lililochafuka kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Usiyaoshe ya kuhifadhi, maana maji yanapeleka uchafu ndani ya ganda. Yaweke sehemu ya baridi, ncha kali ikitazama chini. Ya kuatamiwa yasizidi siku 7.

Jioni, kama kuna wanaolala viotani, ziba milango ya viota saa 10 kwa kipande cha ubao. Ukienda kufunga banda usiku na wote wako kwenye fito, fungua tena ili watagaji wa alfajiri wapite. Kwangu tabia hiyo iliisha ndani ya siku kumi.

Hatua ya 7: Amua kuhusu kuku anayeatamia

Akikaa kiotani mchana na usiku, amejitutumua manyoya na anadonoa mkono wako, ameanza kuatamia. Chagua moja kati ya mawili, usimwache tu. Atazuia kiota, wenzake watamwongezea mayai kila siku, na mwisho utakuwa na mayai ya umri tofauti, mengine viza.

Ukitaka vifaranga, mhamishe usiku kwenye kiota cha peke yake kilichotulia. Mpe mayai 10 hadi 12 na uyachore alama kwa mkaa ili utambue yaliyoongezwa. Maji na chakula viwe hatua chache kutoka kiotani. Siku ya 7 yamulike kwa tochi gizani: lenye mishipa linaendelea, lililo jeupe lote ondoa. Vifaranga hutoka siku ya 21.

Kama huhitaji vifaranga, mweke kwenye kitundu chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo lake, na maji na chakula kama kawaida. Siku tatu au nne zinatosha. Ile ya kumtumbukiza kwenye ndoo ya maji acha. Ni mateso tu, na jioni anarudi kukaa pale pale.

Mambo yakienda kombo

*Walikuwa wanalala bandani vizuri, ghafla wamekataa kuingia.* Hapa nataka unisikilize sana. Usiwachape na fimbo kuwaingiza. Kuku anayekimbia banda lake amekimbia kitu. Ingia saa 3 usiku na tochi. Angalia kwanza kama kuna nyoka, hasa viotani. Kisha pitisha kitambaa cheupe chini ya fito: kikitoka na madoa mekundu, ni utitiri walioshiba damu. Chokonoa nyufa za ukuta kwa kijiti: wadudu bapa wa kijivu au kahawia ni papasi wa kuku. Mchana hawaonekani, ndiyo maana mtu anaapa banda lake ni safi.

Papasi anaweza kukaa miezi mingi bila kula, kwa hiyo kuacha banda tupu wiki mbili hakusaidii kitu. Toa fito uzimwagie maji yanayochemka. Choma matandiko yote. Ziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na majivu, kisha paka chokaa. Dawa ya kunyunyizia banda muulize afisa mifugo wa kata yako akuambie kipimo, na umwambie wazi kama mayai mnakula. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu mayai ya wadudu hao hayakufa mara ya kwanza.

*Vidoa vyeusi vimeganda kuzunguka macho na kwenye kilemba.* Hao ni viroboto, na kanda hii wako wengi hasa kiangazi. Wapake mafuta mazito ya kujipaka mahali walipoganda, ukikwepa mboni ya jicho. Wanakosa hewa na kudondoka. Sakafu nayo fagia na ubadilishe, la sivyo kesho wamerudi.

*Wanakula mayai.* Kuku havunji yai lake, wanasema, lakini mimi nimewaona wakivunja. Mara nyingi huanza na yai lenye ganda laini lililopasuka lenyewe. Wape chokaa ya mifugo, au maganda ya mayai yaliyokaangwa na kusagwa kabisa mpaka yasifanane na yai. Ongeza giza na matandiko kiotani, okota mapema. Ukimjua mwanzilishi na hajaacha baada ya wiki mbili, huyo ni wa mchuzi.

*Mmoja anafukuzwa kwenye ufito kila jioni.* Ongeza urefu wa fito kwanza. Akiendelea kufukuzwa mweke mwenyewe usiku wakiwa wameshalala. Wakiamka naye yuko, wanazoea.

*Wanalala sakafuni.* Kama ni vifaranga vilivyolelewa kwenye chumba cha taa, havijajifunza. Vikifika wiki 6 weka ufito wa sentimita 20 kutoka chini na uupandishe taratibu. Kama ni wakubwa, angalia kama taa ya bandani inazimwa ghafla kabla hawajapanda. Gizani hawawezi kuruka.

*Mayai yamekata.* Tazama manyoya yaliyodondoka. Kama wananyonyoka, subiri, watarudi baada ya miezi miwili au mitatu. Kama hawanyonyoki na wanakula vizuri, kuna kiota cha siri mahali, au kuna kenge anayekutangulia. Mimi mara ya mwisho nilimshuku kenge wiki nzima, nikatega na mtego. Mayai kumi na saba nikayakuta ndani ya tenki la maji lililopasuka, mita sita kutoka mlango wa jikoni.